Kisu Kikishawekwa Chini

Mtu aambiwapo kwamba jamaa yake atapasuliwa, swali la kwanza limtokalo kinywani ni hili: daktari gani atampasua? Jina la daktari huulizwa, sifa zake hutafutwa kwa majirani, na akipatikana mtu aliyewahi kupita mikononi mwake akapona, nyoyo hutulia. Ni nadra kusikika mtu akiuliza ni nani atakayemwandaa mgonjwa kabla hajaingizwa katika chumba cha upasuaji, au ni nani atakayekuwa macho kando ya kitanda chake saa nane za usiku, dawa ya usingizi inapomtoka na maumivu yanapoanza. Na hilo ndilo swali lenye uzito zaidi.

Hesabu za kulithibitisha zipo. Mwaka 2018 jarida la tiba liitwalo The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, Uganda ikiwa miongoni mwao. Walifuatiliwa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247. Ilionekana kwamba karibu mmoja katika kila watano alipatwa na tatizo baada ya kupasuliwa, na tatizo lililoongoza lilikuwa uambukizo. Waliofariki walikuwa kiasi cha wawili katika kila mia, yaani mara mbili ya wastani wa dunia, ijapokuwa wengi wa waliopasuliwa walikuwa watu wa umri mdogo wasio na maradhi mengine makubwa. La kushtua zaidi ni kwamba vifo zaidi ya tisa katika kila kumi havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea siku zilizofuata, mgonjwa akiwa amekwisha kurudishwa wodini, daktari akiwa amekwisha kuvua glavu zake na kuondoka. Aliyebaki hapo ni muuguzi.

Mahali pa kuyatazama mambo hayo kwa karibu ni Makindye, mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, upande wa kusini unaotelemkia ziwani. Ndani ya divisheni hiyo imo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Nsambya, imo Hospitali ya Waislamu ya Kibuli, na upande wa Buziga ipo Kiruddu, hospitali ya rufaa ya taifa ambako kilihamishiwa kutoka Mulago kitengo cha watu walioungua na cha upasuaji wa kurekebisha maungo. Nsambya ni kongwe kuliko zote. Mwaka 1903 watawa sita wa Kifransisko waliwasili huko, mmojawapo akiwa Mother Kevin, mwanamke wa Kiayarandi, na inasimuliwa kwamba kliniki yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa wakiwauguza wapagazi wa Kiafrika walioletwa hali zao zikiwa mahututi. Kwa hiyo katika kilima hicho uuguzi ulianza kabla ya vyumba vya kupasulia vyenye taa kubwa na mashine.

Kazi ya muuguzi huanza siku moja kabla, na pengine siku nyingi kabla. Kwanza humkabili mgonjwa kwa maneno. Karatasi ya ridhaa husainiwa mbele ya daktari, na ni wajibu wa daktari kueleza atakalolifanya. Lakini mara nyingi mgonjwa huitikia "ndiyo, musawo" kwa heshima, hali hakuelewa hata nusu. Musawo ndivyo watu wa Kampala wamwitavyo kila mtu wa tiba, awe daktari au muuguzi. Daktari akiondoka, mgonjwa humgeukia muuguzi na kumwuliza kwa sauti ya chini: watakata wapi hasa? Nitaamka? Nitaweza kuzaa tena? Makindye ni mahali pa lugha nyingi: Kiganda, Kiswahili, Kinubi, Kiacholi, Kilingala, na nyingine nyingi za wageni waliokimbia vita kwao. Muuguzi asiyejua lugha ya mgonjwa hana budi kumtafuta anayeijua, wala si vyema mtoto mdogo atumiwe kuwa mkalimani wa habari za tumbo la mama yake.

Halafu huja suala la chakula, na hapa ndipo jamaa na wauguzi wanapogombana zaidi. Mgonjwa atakayelazwa kwa dawa ya usingizi, ile ambayo wazee waliiita nusukaputi, hutakiwa akae bila chakula muda wa saa sita au zaidi, na kama alikula vyakula vya mafuta, saa nane. Maji meupe huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Mtoto anyonyaye huachishwa ziwa kiasi cha saa nne kabla. Jamaa huona huo ni ukatili. Mama mkwe huja alfajiri na chupa ya chai ya maziwa, akasema, "Chai si chakula." Lakini maziwa yakifika tumboni huwa kama chakula, na uji vivyo hivyo. Dawa ya usingizi hulegeza koo pamoja na viungo vingine. Kilichomo tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni, na mgonjwa akafa kwa kikombe cha chai alichopewa kwa mapenzi. Muuguzi akieleza sababu hiyo waziwazi, chupa hurudi nyumbani. Akisema tu "Ni marufuku!" na kupita zake, chupa hufichwa chini ya kitanda.

Kuna mengine ambayo mgonjwa hayasemi mpaka aulizwe kwa upole. Je, amekunywa dawa za miti shamba juma hili? Ametumia mumbwa, ule udongo wenye mitishamba ambao akina mama wajawazito wengi huutumia? Ana mzio wa dawa yoyote? Ana kisukari? Aliwahi kupasuliwa zamani akachelewa kuamka? Baadhi ya mitishamba huzuia damu isigande, na daktari wa usingizi anahitaji kujua hayo kabla ya kuchoma sindano. Muuguzi huandika pia uzito, joto la mwili, mapigo ya moyo na presha, si kwa kujaza fomu tu, bali kwa kuwa tarakimu hizo ndizo kipimo cha kulinganishia usiku ujao. Mtu ambaye mapigo yake ya kawaida ni 64 na sasa ni 110 ana jambo. Lakini nani atajua, ikiwa ile 64 haikuandikwa?

Mgonjwa huogeshwa au huoga mwenyewe kwa sabuni. Desturi ya zamani ya kumnyoa kwa wembe mahali pa kukatwa imeachwa katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu huingilia. Nywele zikibidi kuondolewa, hukatwa kwa mashine. Bangili, hereni na meno ya bandia huvuliwa na kukabidhiwa kwa jamaa mbele ya shahidi. Rangi ya kucha hufutwa, jambo ambalo wasichana hulilalamikia, ilhali sababu yake ni rahisi: kifaa kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu hupitisha mwanga kwenye ukucha, na rangi huweza kukipotosha.

Chumbani penyewe muuguzi ana sauti ambayo watu wa nje hawaijui. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa. Mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa nini, upande gani? Sindano ya kuzuia uambukizo imekwisha kuchomwa? Mwishoni muuguzi huhesabu gozi, sindano na vyombo, na hesabu isipotimia, daktari hutakiwa asubiri, hata awe na cheo gani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane ya dunia, na Afrika iliwakilishwa na hospitali moja tu, nayo ni ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Tanzania, jina lilelile la hospitali ya Nsambya. Matokeo ya miji yote minane yalipojumlishwa mwaka 2009, vifo vilikuwa vimepungua kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa mia. Karatasi moja, isiyogharimu zaidi ya ujasiri wa mtu wa chini kumwuliza mkubwa swali.

Sasa mgonjwa ametoka. Saa mbili au tatu za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Muuguzi humlaza ubavu kama hajaamka sawasawa, ili ulimi usizibe koo na matapishi yasirudi ndani. Hupima pumzi, mapigo, presha na oksijeni kila baada ya dakika 15, kisha kila nusu saa, kisha kila saa, kwa kadiri hali inavyotengemaa. Hutazama bendeji. Huweka alama ya kalamu pembeni mwa doa la damu na kuandika saa, ili ajue kama linakua. Kwa mama aliyejifungua kwa kupasuliwa hutazama pia damu itokayo chini, na kulipapasa tumbo ajue kama mji wa mimba umekaza, kwa maana mama huweza kuvuja damu hali kidonda cha tumboni ni kikavu kabisa.

Damu ikivuja ndani, haionekani. Dalili zake huja kwa mpangilio: mapigo ya moyo huanza kwenda mbio, mgonjwa huhangaika bila sababu, viganja hupauka na kuwa baridi, kiu huzidi, mkojo hupungua, presha huja kushuka mwisho, wakati mwili umekwisha kuchoka kujitetea. Muuguzi anayengoja presha ishuke ndipo amwite daktari amechelewa. Kwa sababu hiyo mfuko wa mkojo hauwekwi kwa usafi tu. Mtu mzima wa kilo 60 apaswa kutoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, na ukipungua chini ya hapo saa mbili mfululizo, kuna jambo la kuchunguzwa.

Wodi za usiku hazina watu wa kutosha. Si ajabu muuguzi mmoja au wawili kuachiwa wodi nzima, nao ndio watoao dawa, wapokeao wagonjwa wapya na waitwao kila dripu inapoziba. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofuata ule uchunguzi wa mwanzo, safari hii katika nchi 28 za Afrika. Hospitali zilizochaguliwa zilitakiwa kuwaangalia zaidi wagonjwa walio katika hatari: vitanda vyao viwe karibu na meza ya wauguzi, vipimo vichukuliwe mara nyingi zaidi, jamaa waruhusiwe kukaa nao. Vifo havikupungua. Asidhani mtu kwamba uangalizi hauna faida. Yaelekea zaidi kwamba amri ya kuangalia zaidi, ikitolewa kwa watu walewale wachache, haiongezi macho wala mikono. Serikali au shirika linalojenga chumba kipya cha upasuaji bila kuajiri wauguzi wa zamu ya usiku limejenga nusu ya hospitali.

Ndiyo maana jamaa anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda si mtu wa kufukuzwa ovyo. Wapo wauguzi wakali, jambo hilo halifichiki, na ukali huo huwafanya jamaa waogope kusema walichokiona. Muuguzi mwenye hekima humwita jamaa huyo jioni na kumfundisha: hivi ndivyo pumzi ya kawaida inavyosikika, ukiona hivi, niamshe hata nikiwa nimeinamisha kichwa mezani. Humwambia pia asiyoruhusiwa kufanya. Mathalani, mama aliyechomwa sindano ya mgongo huwa na miguu iliyokufa ganzi kwa saa kadhaa. Jamaa akiikanda kwa chupa ya maji ya moto, mgonjwa hasikii, na asubuhi huonekana malengelenge.

Katika wodi ya walioungua ya Kiruddu mafunzo hayo ndiyo nusu ya tiba. Wengi wa wanaoungua mijini ni watoto wadogo, na ajali hutokea palepale pa kupikia: sigiri imewekwa chini kwenye chumba kimoja, sufuria ya uji au maji iko juu yake, mtoto anatambaa. Wengine huungua kwa tadooba, ile taa ya mafuta isiyo na kioo. Hufika hospitali wamepakwa dawa ya meno, sukari, yai, hata manyoya ya sungura, na muuguzi hulazimika kuyaondoa kwanza hayo yote huku mtoto akilia. Kilichohitajika nyumbani kilikuwa maji safi ya bomba, yasiyo na barafu, kumwagiwa muda wa dakika 20, kisha kitambaa safi.

Kidonda kirefu cha moto hakifunikwi kwa ngozi mpya mpaka kiwe kimetayarishwa. Daktari hutwaa ngozi nyembamba, aghalabu pajani, na kuipandikiza. Lakini ngozi hiyo hushika tu ikiwa pale ilipowekwa ni safi na pana damu ya kutosha. Siku au majuma ya kabla ya hapo ni ya muuguzi: kusafisha, kubadilisha bendeji, kumpa mtoto dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kumgusa, na kumlisha. Mwili ulioungua hula kupita kiasi. Mama hufundishwa kutia unga wa mukene au wa karanga katika uji, kutafuta yai na maharage, wala asitegemee matoke matupu, kwa sababu matoke hushibisha lakini hayajengi nyama.

Baada ya kupandikiza, adui ni mwendo. Ngozi ikiteleza siku za kwanza, imekufa. Bendeji huachwa siku tatu hadi tano bila kufunguliwa, isipokuwa ikinuka au mgonjwa akipata homa. Mkono hufungwa kwenye kibao na kuinuliwa. Hapo huja jambo linalowashangaza akina mama: paja lililotolewa ngozi humwuma mtoto kuliko kidonda chenyewe, kwa kuwa mishipa ya fahamu hapo imebaki wazi. Na aliyeungua shingo hapewi mto. Mama, kwa huruma, hukunja kitenge na kukiweka chini ya kichwa cha mwanawe. Kidevu huinama, kovu hukaza, na baada ya miezi michache kidevu kimeshikana na kifua, mtoto hawezi kutazama juu, inabidi apasuliwe tena. Kila kukicha muuguzi hukiondoa kitenge hicho, akieleza upya, bila kumfokea.

Yanabaki maumivu, nayo yamedharauliwa mno. Mwanamume hufundishwa tangu utoto asilie, mwanamke huambiwa amevumilia makubwa kuliko hayo, na muuguzi mwenye shughuli nyingi hushukuru kuona wodi imenyamaza. Lakini mgonjwa wa tumbo anayeumwa hapumui kwa kina wala hakohoi. Makohozi hukaa mapafuni na kuleta nimonia. Haamki kitandani, damu huganda miguuni, na bonge lake laweza kupanda mapafuni. Inampasa aketi na kutembea hatua chache ndani ya siku moja, akibana mto juu ya kidonda anapokohoa, na hilo haliwezekani ikiwa dawa ya maumivu ilichelewa saa nne. Muuguzi huuliza, haoni haya: ukihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, maumivu yako ni vidole vingapi?

Juu ya jambo hili Makindye ina historia ya kujivunia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospisi ya Afrika nchini Uganda kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Nsambya iliwaazima nyumba ndogo ya kuanzia, kisha hospisi ikahamia Makindye yenyewe, na hapo mofini ya maji ilitengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu moja isidhaniwe nyingine. Wagonjwa walikuwa wengi, madaktari wachache. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba ya kupunguza mateso kuandika mofini wenyewe, na hakuna nchi ya Afrika iliyotangulia kufanya hivyo. Ruhusa hiyo ni ya tiba hiyo maalumu. Wodini mwa upasuaji dawa huandikwa na daktari. Hata hivyo elimu ilivuka mipaka: wauguzi walijifunza kwamba mofini ikitolewa kwa kipimo, kwa siku chache, kwa mtu mwenye maumivu ya kweli, ni nadra kumfanya mraibu, na kwamba kumnyima kwa hofu hiyo ni kumtesa bure.

Kisha huja siku ya kurudi nyumbani, ambayo kwa wingi wa wagonjwa huja mapema kuliko zamani. Hapa maneno ya muuguzi hayana budi kuwa machache na ya wazi, tena yarudiwe na mgonjwa kwa mdomo wake ili ijulikane ameyashika. Kidonda kiwe kikavu. Mikono ioshwe kabla ya kukigusa. Kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya unga iliyofunguliwa kutoka kwenye kidonge. Nyuzi za usoni hutolewa kiasi cha siku ya tano, za tumboni kati ya siku ya saba na ya kumi, za miguuni huchukua hadi siku 14. Dawa zimalizwe. Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua asibebe ndoo ya maji wala mtungi kwa majuma sita, na maneno hayo aambiwe mumewe pia, kwa kuwa yeye ndiye atakayeibeba ndoo hiyo.

Arudi hospitali siku hiyohiyo, asingoje tarehe yake ya kliniki, akiona homa, usaha au harufu mbaya, wekundu unaoenea kuzunguka kidonda, kidonda kinachoachia, tumbo linalovimba na kutapika, mguu mmoja ulioumuka na kuuma, kifua kinachobana, au damu inayolowanisha kitambaa katika muda wa saa moja. Hayo yote huandikwa nyuma ya kadi yake, na kwa asiyejua kusoma, husomewa mtoto wa shule aliyekuja kumchukua.